Kazi: Baharia

Kwenye biro ya Nguba karani alimuuliza baba:
Ulikuwa jeshi gani?
Baba akasema, la maji.
Karani akapitisha kalamu juu ya fishi, juu mpaka chini.
Hapakuwa na mstari wa maji.
Andika baharia, baba akasema. Andika na mateka.
Karani akacheka kidogo, si kwa ubaya:
Mzee Lwaboshi, nafasi ni moja.

Tukarudi kwa miguu, tukapandisha Kadutu.
Njiani akanunua sambaza, kopo moja,
na mbele ya mama muuzaji akazihesabu.
Kwetu sambaza huhesabiwa.
Maharage pia.
Mama yangu Nsimire alikwisha kuacha kuona haya.

Ninayoyajua ni vipande. Baba hasimulii,
humdondoka tu, kama mazutu kwenye mpira uliotoboka:

kwamba chombo chao kiliitwa Mwangaza
na usiku ule walikatazwa kuwasha hata sigara;
kwamba pale panapopakiwa makabichi walipakiwa askari,
mia na kitu,
wakitapika juu ya bunduki zao, ziwa hawalijui;
kwamba nyuma ya Idjwi mashine ilikohoa,
akashuka chini na bisibisi mdomoni,
na alipopanda tena
askari walikuwa wengine.
Mashine ileile. Maji yaleyale.
Wakamwambia: endesha.

Hakuvaa sare hata siku moja
lakini walimpa namba.
Miaka miwili na masika moja
juu ya kilima kilicholipa ziwa mgongo.
Upepo ukigeuka, alilinusa.

Majirani husema ana fundo moyoni.
Labda.
Mimi ninalijua fundo lake moja tu:
kijana wa lindo aliyemfunga mikono kila jioni
alifunga vibaya, mtu asiyejua kamba,
kamba ikala nyama, vidole vikafa ganzi.
Siku ya tisa baba akamwambia,
lete, nikuoneshe.
Pitisha chini. Rudisha. Sasa vuta huku, si huko.
Akamfundisha kumfunga.
Fundo baya hukata, baba husema, fundo zuri hushika tu.
Mama akilisikia hilo huondoka chumbani.

Mwaka jana, safari ya kwenda Goma,
alikuwa akikagua majileti kabla hatujang'oa nanga.
Mtoto wa kike, miaka sita hivi, gauni la misa,
jileti limemzidi,
limefungwa kifuani kwa kamba ya katani.
Baba akasimama.
Sura ya yule mwanaume pembeni hakuikumbuka,
mvi, tumbo, simu mbili.
Alilikumbuka fundo.
Chini, rudisha, huku, si huko.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi na daftari la abiria.
Nilimwona akiinama,
akaingiza kidole kati ya kamba na mtoto,
akavuta.
Lilishika.
Yule mwanaume akatazama viatu vyake,
kisha maji, kisha tena viatu.

Ulimwambia nini? nilimuuliza usiku,
taa za Goma zikiwa zimeanza kuonekana.
Baba alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa,
kidole kimoja kimoja.

Nilimwambia mtoto asikae karibu na mashine.
Kuna mazutu pale. Panateleza.