Kidato cha Tisa

Ofisi yetu iko Ngara, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la vitasa na bawaba.
Kidato cha tisa, ukihesabu kutoka juu, kilipasuka Machi.
Musembi, msimamizi wa jengo,
akafunga kitambaa chekundu kwenye chuma cha pembeni.
Hakuandika kitu.
Hakusema nani aliteguka, lini, mguu upi.

Mimi kazi yangu ni maneno ya mchezo.
Mchezo wa watu wazima, kumi na nane kwenda juu,
saa kumi na moja za kuucheza usipokwama,
na katika sura ya nne
kuna chumba, kuna mwanamke aitwaye Saumu,
kuna mlango unaofungwa kwa ndani.
Nikaambiwa: andika onyo. Maneno ishirini, yasizidi.

Nikiandika machache, nimemtega mtu.
Nikiandika mengi, nimemwingiza chumbani
kabla mguu wake haujafika.
Nilianza na "Hatari", nikafuta;
inanuka nguzo za stima, fuvu na mifupa miwili.
Nikajaribu "Onyo":
mwalimu wa zamu, kiboko nyuma ya mgongo.
Mwishowe nikaandika kama ninavyosema na mtu:

*Mbele kuna tendo la kulazimishwa.
Halionyeshwi lote, lakini linasikika.
Unaweza kuliruka. Hadithi itakungoja.*

Kumi na matatu. Saba nikayarudisha.

Lemayian, aliyeichora sura ya nne, hakula mchana huo.
"Miezi mitano," akasema, "nachora mkono mmoja
umeshika shuka. Mkono tu!
Halafu mtu abonyeze kitufe, kwisha?"
Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka,
na mkono ule, kusema kweli, ulikuwa umechoreka.

Nasambu, anayejaribu michezo yetu kabla haijauzwa,
alikuwa akimenya chungwa. Hakuinua macho.
"Mimi nimeiruka mara sita."
Ganda likaendelea kushuka, refu, halikatiki.
"Si woga. Chumba hicho
nilikijua kabla hujakichora."

Chini, mtu alikuwa akijaribu kitasa:
funga, fungua, funga.

Basi ikabaki kazi ambayo hakuna aliyetuagiza:
anayeruka, anatua wapi?
Tulikuwa tumemwekea giza la sekunde mbili
kisha Saumu jikoni, analia,
na mchezaji amesimama pale kama mtu
aliyefika matangani bila kujua nani amefariki.
Nikaandika: *Kulikucha. Saumu hakuwa amelala.*
Nasambu akasoma, akalamba kidole chenye chungwa.
"Ongeza chai."
*Alipika chai, hakuinywa.*
"Sasa hapo," akasema, "hapo naweza kusimama."

Wiki mbili Lemayian hakusema na mtu.
Alipotuita tutazame, giza lilikuwa limeondoka.
Kulikuwa na dirisha, mwanga wa saa kumi na mbili,
kikombe cha bati kilichobabuka ukingoni,
na mkono, mkono uleule, kila mshipa,
umeshika sikio la kikombe.
Hakuna aliyepiga makofi.
Nasambu alivuta kiti karibu
na kwa mara ya kwanza akaweka kidole mbali na kitufe,
akacheza sura ya tano yote, mpaka saa mbili usiku,
tukimngoja na makoti yetu mikononi.

Agosti fundi alikuja na ndoo ya saruji.
Kidato ni kipya, kina rangi yake, kizito kama kaburi.
Kitambaa Musembi alikifungua, akafutia baiskeli.

Lakini jioni, stima ikipotea,
tunashuka kwa tochi za simu,
na namsikia Nasambu mbele yangu, chini kwa chini:
saba, nane,
kisha kimya kidogo,
kumi.
Na mguu wangu, bila kuulizwa, unaruka.
Na nyuma yangu Lemayian,
ambaye hajawahi kuanguka mahali popote,
naye anaruka.