Tatu, Nne, Tano

Ukuta wetu wa kwanza tuliujenga mara kumi na moja.
Saruji haikuwepo. Fundi Liwembe alisema
saruji ni ya wenye zabuni, sisi tuna udongo na maji
na matofali mia mbili ya kuazima msikitini Chikongola,
yatakayorudi yakiwa mia mbili.
Asubuhi tunapanga, alasiri tunabomoa,
tunayakwangua kwa vijiti,
tunayahesabu kama watu wanaohesabu mahari.

Ghala lilikuwa la korosho. Linanuka korosho hadi leo.
Nilibangua humo misimu sita,
mpaka mashine zikanyamaza
na meneja akaondoka na ufunguo wa choo.
Siku ya kujiandikisha Liwembe alitazama vidole vyangu,
vyeusi kwa mafuta ya ganda,
akasema: Hivi havitaogopa saruji.

Tulikuwa kumi na tisa.
Chinduli, aliyekuwa kibarua wa kufyeka nyasi uwanja wa ndege.
Mapacha wa Naliendele, wasiokubaliana hata juu ya jua.
Bi Asumini, mjane, aliyekuja kujifunza zege
kwa sababu, alisema,
nimesonga ugali wa misiba yote ya mtaa huu,
mchanga utanishinda nini?

Mwiko niliujua ule wa jikoni.
Kumbe upo wa chuma, wenye ncha.
Na upo wa tatu, usioshikika kwa mkono:
mwanamke hapandi jukwaa la fundi.
Nilipopanda, mbao zililia kidogo,
kisha zikazoea.

Saa saba tunakula ming'oko, chumvi kwenye kipande cha gazeti.
Hapo ndipo alipotufundisha kona.
Tatu upande huu, alisema, nne upande ule,
vuta kamba toka ncha hadi ncha.
Ikisoma tano, kona yako ni ya kweli.
Ikikataa, usigombane na kamba.

Kampuni ya kujenga kituo cha afya ilikuja na watu wake,
na mabati yake, na mpishi wake.
Mtendaji wa kata aliandika barua: wenyeji nao wafikiriwe.
Tukafikiriwa siku nne, nje ya geti,
vyeti vyetu mikononi, vikianza kulowa jasho.

Siku ya tano msimamizi alitoka.
Uzoefu?
Ukuta mmoja, mara kumi na moja.
Uko wapi?
Haupo.
Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka,
akanitupia kamba na futi: Nipe kona.

Nilipiga magoti kwenye mchanga mwekundu.
Tatu. Nne.
Kamba ikasoma tano na unywele.
Ningeweza kunyamaza, nani angeuona unywele?
Nikang'oa kigingi, nikakisogeza.

Alichukua saba. Saba, si kumi na tisa.
Bi Asumini yumo, zege lake halina madonge.
Pacha mmoja aliingia, mmoja akabaki nje,
na kwa mara ya kwanza niliwaona
hawana la kubishania.
Chinduli alikunja cheti mara nne,
akakitia mfuko wa shati, akaenda kutafuta fyekeo lake.

Jioni ya malipo niliazima timazi,
nikaishusha kwenye ukuta wa nyumba ya mama,
miti na udongo, umri wake sawa na wangu.
Umetoka vidole vinne.
Mama, nikasema, huu nitaubomoa, nitakujengea mwingine.
Uache, akasema. Uliinama hivyo
ukimsikiliza baba yako akikohoa.

Nikaviringisha uzi.
Usiku vidole viliniwasha, saruji haina huruma kuliko korosho.
Jina la Chinduli nimemtajia msimamizi mara tatu.
Kesho nitalitaja ya nne.
Na keshokutwa,
asubuhi, kabla hajanywa chai yake.