Msimu wa Tatu, Diski ya Tano

Kasha lilikuwa na picha ya vijana sita wanaocheka,
meno meupe kama vigae vya hospitali mpya,
na nyuma yake Hajati Nabbosa aliandika kwa wino:
Mia tano kwa usiku. Ukikwaruza, umenunua.
Tulichanga. Apolot alileta mia mbili za chumvi,
Kinyera akauza chupa,
mimi sisemi nilikotoa zangu.

Unipoti yetu, kambini Naguru,
ilikuwa bati la mviringo, tanuri mchana, friji usiku;
hata runinga haikupata ukuta ulionyooka wa kuegemea.
Watoto kumi na mmoja, mkeka mmoja.
Wenye miguu mirefu waliambiwa waiache nje.

Kiingereza hatukukijua, si cha namna ile,
kinachotokea puani kama cha mtu mwenye mafua.
Aliyekijua ni Ayikoru, kidato cha pili.
Alikaa kando ya skrini, mgongo wima,
akatugeuzia kila neno kwa Kiswahili cha kambi,
kile cha gwaride na foleni ya posho,
na Wazungu wa shule isiyo na sare
wakaanza kuitana afande.
"Kijana anasema: Joslini, nakupenda. Mguu sawa."
"Anasema: sherehe ni Jumamosi, asiyekuja ni mtoro."

Tulishangaa makabati yao ya chuma, yamejaa vitu, hakuna mwizi.
Tulishangaa theluji. Onzima, miaka mitano,
alidhani ni unga uliomwagika,
akauliza nani atapigwa.

Baba alikuwa Karamoja, mwezi wa tisa huo.
Simu ya Kotido ilishika siku moja, ikalala siku tatu.
Mama aliikunja sare yake ya pili,
akaikunjua, akaipiga pasi, akaikunja.

Diski ya tano.
Joslini yuko jikoni peke yake.
Baba yake aliondoka tangu diski ya kwanza.
Mlango unagongwa. Anafungua.
Mwanamume wa kofia amesimama, karatasi mkononi,
anasema maneno marefu.
Ayikoru kimya.
Kimya mpaka Apolot akamfinya.
"Ni baba yake," akasema. "Anasema barabara ilikuwa mbovu.
Anasema karatasi hii ni ruhusa, wamempa likizo."
Joslini akalia.
"Mbona analia?"
"Furaha. Nyamazeni."
Tulipiga makofi hadi bati likaitikia,
na koplo wa jirani akalijibu kwa rungu.

Leo nina miaka thelathini na moja,
na Kiingereza ndicho kinachonilipa mshahara.
Juzi, Mtaa wa Luwum, chini ya rundo la sinema za ngumi,
nililikuta kasha lile, meno yale.
Nikaruka moja kwa moja hadi ya tano.
Mtu wa kofia alikuwa mtu wa umeme.
Bili ya miezi mitatu. Amekuja kukata.
Baba hakurudi, si katika diski ya tano, wala ya sita.

Nikampigia Ayikoru. Yuko Arua, anafundisha.
"Ulisema ni baba yake."
Nyuma yake darasa zima lilikuwa linasoma kwa pamoja.
"Sasa ulitaka niseme nini," akanijibu,
"usiku ule, mbele ya Mama?"
Sikukumbuka kwamba Mama alikuwepo.
Kumbe alisimama mlangoni na pasi ya mkaa,
pasi ikapoa.

Januari, alfajiri, lori la polisi lilimshusha getini.
Tulikuwa tunakunywa chai ya rangi.
Bati likagongwa, likanguruma lote,
na mtu wa kofia akasimama,
mwembamba, vumbi hadi kwenye kope, karatasi mkononi.
Akasema maneno marefu ya Kilugbara, sauti imekauka.
Onzima alimtazama, hakumtambua.
Akamgeukia dada yake:
"Anasema nini?"

Ayikoru akafungua mdomo,
akaufunga,
akainuka kwenda kumvua kofia.