Poda

Siku ya tatu, kipindi cha baada ya chai ya chumvi,
nje baridi digrii thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umeukaba mji wa Ulaanbaatar,
mwalimu Narmandakh akatugawia vichupa vya maji.
"Haya ni maji," alisema. "Ila nataka muyaogope."

Tulicheka. Tulikuwa kumi na mmoja,
watu wa vituo vya mikoani, wapima damu na makohozi,
na sisi wa magharibi tunaopokea kila kiangazi
ini la mamoti ndani ya mfuko wa sukari,
mwindaji kalileta kwa pikipiki, yuko mlangoni, anauliza:
ni tauni, au nile?

Dulamsuren hakucheka.
Miaka ishirini na sita kazini.
Alivaa glavu kama mtu anayeitikia salamu:
jozi ya kwanza, koti, jozi ya pili juu ya mkono wa koti.
Akafungua, akavuta kwa pipeti, akafunga, akafuta.
Sisi wengine tulikuwa bado tunatafuta pa kutia kidole gumba.

Kisha kuvua.
Hapa ndipo watu hufa, alisema mwalimu,
si vitani; wakati wa kuvua ngao.
Bana glavu kwenye kifundo, nje iguse nje tu.
Igeuze, iumeze uchafu wake yenyewe.
Sasa kidole kitupu kipite ndani, ngozi kwa ngozi.
Usiharakishe, hakuna anayekusubiri.
Na kama yupo anayekusubiri,
basi ndiyo sababu usiharakishe.

Akazima taa.
Akawasha kurunzi ya zambarau.

Hatukujua vichupa vilipakwa poda.
Sikujua chumba kinaweza kumsengenya mtu mbele ya macho yake:
kijani kwenye kitasa, kijani kwenye kalamu,
kwenye nyusi za Batsukh,
na nyuma ya simu yangu, pichani, shavuni mwa mwanangu,
doa moja, punje ya mtama.

Na Dulamsuren
aling'aa kuliko sisi sote.
Ndewe ya sikio la kushoto. Ukosi. Kifuniko cha chupa yake ya chai.
Pale anapojigusa akiwaza, labda tangu usichana,
na nani angemwambia?

Mazoea yana taabu: neno tulilijua.
Rangi yake hatukuwa tumeiona.

Friza ikanguruma gizani.
Kisha akasema yeye, polepole, kama anayehesabu chenji:
"Mwaka ule mume wangu aliugua homa wiki tatu.
Tulisema ni mapafu. Tulisema ni moshi."

Mwalimu alikuwa na slaidi kwa kila swali.
Kwa hili hakuwa nayo. Alizima kurunzi.

Alasiri tukahesabu akiba. Funguo mbili, watu wawili,
hata choo kisubiri.
Daftarini mia moja na kumi na viwili,
kwenye friza mia moja na kumi na kimoja.
Tukarudia mara nne, vidole vikitoneshwa na barafu,
mara ya tano tukakikuta kimegandia ukutani,
lebo imefutika.
"Kisicho na jina," alisema Narmandakh,
"ni cha yeyote atakayekichukua."

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wanasema.
Chumbani mle kinga juu ya kinga,
glavu juu ya glavu, mlango nyuma ya mlango,
ndipo moto ulipolazwa,
nao haukufa, uko pale, digrii themanini chini ya sifuri,
unahesabiwa.

Asubuhi ya nne Dulamsuren alitutangulia.
Nywele kazifunga, masikio ndani ya kitambaa, pete kaiacha.
Akavaa, akafanya, akavua.
Taa ikazimwa: kidevu.
"Tena," alisema.
Taa: kifundo cha mkono.
"Tena."
Mara ya saba palibaki kichembe kwenye ukucha,
mwalimu akasema inatosha, wengi hawafiki hapo.
Akakitazama kile kichembe
kama mtu anayesoma jina asiloweza kulitamka.

Akaomba jozi nyingine.