Kipimo cha Mwakirunge

Redio imesema: Mombasa, kukavu hadi Ijumaa,
nyuzi thelathini na moja, upepo wa wastani.
Mombasa ipi? auliza Mbodze,
akiinamia chupa ya mafuta aliyoikata shingo,
akaitia mistari kwa msumari wa moto.

Kijiji kizima kimo daftarini mwake.
Milimita sitini: choo cha shule kilititia.
Kumi na mbili: arusi ya Tsuma, ubwabwa ukarowa.
Kisha sufuri,
sufuri, kurasa tatu,
mwaka tuliokula mbegu.

Leo chupa kavu.
Ila sisimizi wamevuka kizingiti na mayai yao,
na moshi wa jaa umelala, umekataa kupanda.

Anaanua makopa.
Jirani amcheka,
azidi kuanika.