Sanduku la Karani

Baba alistaafu kwenye mkonge, ofisi ikamfuata Ngamiani:
printa yenye kikohozi,
chupa za wino mweupe wa kufutia makosa,
kikokotoo kilichovuja, chumvi ya kijani mdomoni.

Tumezika mtu, tumebaki na sanduku.

"Choma," akasema shangazi Mwanakombo, kibiriti mkononi.
"Shimo lipo, na upepo leo unakwenda Chumbageni."
Nikamwambia, Chumbageni nako watu wanapumua.

Nikakaa barazani, Barabara ya Kumi na Mbili,
nikazifunga ncha za betri kwa selotepu,
moja moja, kama mtu afungaye vidole vya mgonjwa.
Zikaingia kopo la maziwa ya unga, kavu, kifuniko juu.
Vumbi jeusi la printa sikulipuliza, sikulifagia:
kitambaa chenye maji baridi, dirisha wazi,
kisha mfuko, na mfuko juu ya mfuko.

Semboja wa jirani akaomba betri ya duara,
ile ndogo, inayong'aa kama peremende.
Nikampa rula.

Jumatatu fundi Shekigenda akapokea kasha la wino,
kopo akalitikisa, akakuna kichwa:
"Hizi, dada, sina pa kuzipeleka."

Nami sina, bado.
Liko juu ya kabati, nimeliandika
kwa hati ya baba, ile ya kulalia kulia:
LISITUPWE.
Kila mzazi huacha deni lake.
Hili sitalilipa kwa kisima cha mtu.