Daftari la Kichwa

Nesi Darlene kanipa daftari la jalada la kijani.
"Andika," kasema. "Saa, upande, umekula nini, umemeza nini."
Nikacheka. Kwetu kichwa kinauma, basi,
kama mvua inavyonyesha.

*Jumatatu.* Saa tisa alasiri, kiwandani.
Ni kanda. Imezunguka toka paji hadi kisogo
kama kamba ya mtu anayefunga mzigo asioupenda.
Haipwiti, haichagui upande. Inabana tu.
Tangu alfajiri nakata paja la ng'ombe,
paja la ng'ombe,
paja la ng'ombe,
mabega yamepanda hadi masikioni.
Dawa: maji, kitambaa cha moto shingoni,
na Rowena, aliyenikanda chumba cha kubadilishia nguo
akisema mimi si mtu, ni ubao.
Ikalegea. Hii naijua. Hii ni ya kazi.

*Alhamisi.* Chinuki imeshuka milimani.
Asubuhi theluji magotini, adhuhuri barabara inatiririka;
watu wa Brooks wamevua makoti, wanachekeana mbele ya benki.
Mimi naona nyoka wa mwanga pembeni mwa jicho,
mwenye meno ya msumeno,
anakula nusu ya uso wa mwanangu akinisalimia.
Dakika ishirini, halafu kinapanda.
Kulia. Kinadunda pamoja na moyo.
Kitunguu cha jirani kwenye kikaango ni ngumi.
Blanketi dirishani, ndoo kando, msiniguse.

Kwa Kiingereza changu cha kiwandani
nilimwambia Nesi: nyoka. Nikamwambia: nyundo.
Akaandika neno lake.
Nami nikaandika langu, kwa herufi kubwa: KIPANDAUSO.
Bibi alikuwa nalo, akilifunga kwa kitambaa kichwani
na kuwafukuza kuku mbali na mlango.
Sasa nina kidonge cha kumeza mapema,
nyoka akiwa bado anatambaa.
Nikichelewa, maji yamemwagika.

*Jumapili.* Nimehesabu vile vingine, vyeupe, vya dukani.
Mwezi huu: siku kumi na tisa.
Nesi kaweka kalamu chini.
"Hivi navyo vinauma," kasema.
Dawa ya moto ni moto, tuliambiwa;
hatukuambiwa moto wa pili nao huunguza nyumba.
Niviache. Wiki za kwanza kichwa kitadai
kama mwenye duka aliyekukopesha sukari.

*Usiku, sijui tarehe.*
Warsame wa ghorofa ya juu anatembea.
Saa nane, kila usiku, saa ileile, tangu Novemba.
Yeye halali gizani kama mimi; hawezi kutulia.
Jicho moja linalia, jingine kavu.
Wamempa mtungi wa oksijeni na barakoa.
Robo saa, na nyayo zinanyamaza.
Nami nalala.

*Ukurasa huu si wangu.*
Sikudhani alisema "Ee!", mara moja, kama mtu aliyeitwa.
Kisu hakijafika sakafuni, maumivu yamekwisha fika kileleni.
Msimamizi akasema apewe kidonge, akae.
Lakini nilikuwa nimesoma nyuma ya daftari, maandishi madogo:
*la ghafla kama radi,
homa na shingo ngumu,
ulimi mzito, mkono usioinuka:*
*usiandike. Piga simu.*
Nikapiga, mikono ina mafuta ya ng'ombe,
simu ikiteleza kama samaki.
Walimrusha kwa helikopta hadi Kalgari.
Karudi mwezi wa tatu, kope la kushoto linachelewa kidogo.
Kaniuliza naandika nini siku zote.

*Leo.* Upepo umetulia.
Upande: hakuna. Umemeza nini: chai.
Mstari uliobaki sikujua niujaze nini.
Nimeandika: kichwa kipo.